Mtu Akinyamaza, Kunja

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kiti, kompyuta iliyonguruma kama posho mill ya kusaga mahindi, na chumba kizima peke yangu. Nyinyi vijana mnaobuni programu mkiwa kumi kwenye meza moja hamjui ukimya wa chumba kile. Ilikuwa miaka ya tisini, mjini Meru, katika mradi wa kusajili akina mama wa zahanati. Mbunifu wa skrini nilikuwa mimi tu. Jioni nilirudi Majengo, kwenye chumba cha kupanga, nikawasha redio ili nisikie mtu akiongea.

Kazi yenyewe ilikuwa kuchora. Unavuta kisanduku kwa kipanya, unakiweka kwenye ukurasa, kisha unapanga ndani yake vitufe na nafasi za kujaza. Skrini zilikuwa ndogo, maswali mengi. Mkuu wa Takwimu, mtu asiyeweza kungoja hata chai ipoe, aliutazama mchoro wangu wa kwanza akaguna.

"Hii imejaa kama soko ya Kianjai. Kunja hizo vitu!"

Nikajifunza kukunja. Kila sehemu niliipa alama ya kujumlisha: ukiibofya inafunguka, ukibofya tena kinabaki kichwa chake tu. Siku hizi, sehemu zilizo chini hujisogeza zenyewe. Sisi tuliandika amri ya kuzipandisha moja moja, la sivyo pengo la kijivu lilibaki katikati ya ukurasa. Pengo hilo lilinikera mpaka ndotoni.

Tulijaribu programu kwenye zahanati moja karibu na Nkubu. Karani wake, msichana mwerevu aitwaye Kathure niliyemfundisha kuitumia, aliniita kaunta.

"Mwalimu, huyu mama amekataa kusema ako na watoto wangapi."

Mama mwenyewe alinikazia macho. "Watoto hawahesabiwi. Kwani wewe ulizaliwa wapi?"

Nilizaliwa Tigania, ambako kuhesabu watoto ni mkosi, na mama yangu hakuwahi kututaja kwa idadi. Nikaiondoa nafasi ya idadi, nikaacha majina tu, na sehemu ya familia nikaifanya ianze ikiwa imekunjwa. Nikamwambia Kathure, "Wakitaja majina, andika. Mtu akinyamaza, kunja. Usimuulize mara ya pili."

Mkuu alinisifu, kisha akanihamishia Embu. Huko nilikaa miaka mingi, mradi baada ya mradi. Nilijiambia mradi huu ukiisha nitaoa, na kila mara ukaanza mwingine. Kazi niliipenda, siwadanganyi. Ila hakuna aliyeniambia kwamba siku ya kustaafu mtu anahitaji mahali anapongojwa.

Juzi nilienda ile zahanati kutibiwa goti. Kathure sasa ndiye karani mkuu, na nywele zake zimeanza kuota mvi.

"Mwalimu! Karibu sana. Pole na mguu."

Programu imebadilishwa mara nyingi, sasa inasajili kila mgonjwa, lakini sehemu ya familia bado inaanza imekunjwa. Akaifungua.

"Hapa tuandike nani, Mwalimu?"

Nilinyamaza. Nilitamani aniulize tena, hata kama ni jina la jirani tu, nikae pale kaunta kidogo nikitafuta la kusema. Kathure aliinamisha macho kwa heshima, akabofya. Sehemu za chini zikapanda juu, na hapakubaki pengo lolote.