Fundi Nyoosha na Kanda ya Shemeji

Jina lake la kuzaliwa watu walishalisahau. Mtaa mzima ulimwita Nyoosha, na ukimwita kwa jina jingine hageuki. Wala hakusingiziwa. Alikuwa mtu asiyeweza kupita penye kitu kilichopinda akakiacha. Picha ukutani kwa watu, atainyoosha. Kola ya mgeni, ataomba radhi kisha aiguse. Siku ya harusi yake mwenyewe, mpiga picha kishajiandaa, bwana harusi aliinuka kwenda kunyoosha pazia la nyuma. Hiyo ndiyo picha iliyopo sebuleni kwao mpaka leo: bibi harusi amenuna, na kiti cha pembeni yake kitupu.

Kazi yake ilikuwa kufufua mashine ambazo wenzake walishazizika. Alianza na redio, akaingia kwenye simu, simu zikamchosha. "Simu za siku hizi zimegundishwa kama bahasha," alisema. "Mtu aliyezitengeneza hakutaka nizifungue, sasa nigombane naye wa nini?" Akahamia kwenye kompyuta za nyumbani za zamani, zile ambazo kibodi ndiyo kompyuta yenyewe na unaichomeka kwenye tivii na gemu zake zinasomwa kutoka kanda ya kaseti, pamoja na mashine za gemu za enzi za katriji, vile vikasha vya gemu vya kuchomeka. Chumba chake kilikuwa kati ya fundi viatu na duka la fotokopi. Rafu zimejaa, meza imejaa, na chini ya meza usiniulize.

Wateja wake walikuwa wazee wa heshima zao. Anaingia mtu na kitambi chake na funguo za gari, amekumbatia mfuko wa plastiki, anasema kwa sauti ya chini, "Fundi, ni ya mtoto hii." Mtoto! Mtoto gani wa leo anajua katriji? Nyoosha hakumwaibisha mtu. Ataifungua, ataitengeneza, ataiwasha, kisha atamkabidhi mzee kifimbo cha kuchezea "ajaribu kidogo kwa niaba ya mtoto." Mzee anakaa, ulimi nje, mabega juu, amesahau kwamba kule nje ameacha gari linanguruma. Nyoosha alipenda kuwatazama kuliko alivyopenda kucheza mwenyewe.

Alikuwa na utaratibu wake, na hakuna aliyewahi kumtoa kwenye utaratibu huo. Safisha, nyoosha, ndipo uwashe. Kifaa hakipati umeme kabla hakijapigwa brashi na spiriti, na kabla kila kimguu cha chipu hakijasimama wima. Wenzake walimcheka kwamba anaogesha mgonjwa kabla ya kumpima homa. Yeye akacheka nao, akaendelea kuogesha.

Basi, mke wake. Huyu alikuwa opereta wa simu kwenye ofisi kubwa mpaka alipostaafu, na alijua watu kwa sauti kuliko kwa sura. Mtu akikohoa tu upande wa pili wa mlango, yeye anasema, "Mwambie karani aingie." Alikuwa na mdogo wake mmoja, kitinda mimba wa kwao, na ndivyo walivyomwita: Kitinda. Kitinda na Nyoosha walikuwa marafiki wa kufa na kuzikana tangu wakiwa vijana, na kompyuta ya kwanza ambayo Nyoosha aliigusa maishani ilikuwa ya Kitinda. Hapo ndipo alipomwona dada mtu pia, lakini hayo tuyaache.

Vijana wale wawili walikuwa na mchezo wao wa mpira kwenye tivii, Kitinda kautunga mwenyewe, kila mmoja na kigongo chake pembeni mwa kioo. Dada akicheza nao wanamfunga, wanamcheka, wanamfunga tena. Siku moja alisimama akasema, "Sichezi tena na nyie, wezi wakubwa!" Na kweli hakucheza. Baadaye kidogo Kitinda alimjia na kanda mkononi. "Dada, njoo uone kitu." Dada alikuwa anapiga pasi sare ya kazini. "Kesho." Kesho yake, kesho. Na ile kesho nyingine, Kitinda alipandisha homa, na homa ile ikaondoka naye. Mama yao akaifungia kompyuta, redio ya kaseti na kanda kwenye sanduku la bati, na hakuna aliyethubutu kumwomba ufunguo.

Miaka ikapita. Mama yao alipohamia kwa binti yake, yaani nyumbani kwa Nyoosha, alihamia na sanduku lake. Asubuhi moja mkewe Nyoosha alikwenda nalo mpaka chumba cha kazi, akaliweka juu ya meza, juu ya vitu vya watu.

"Baba watoto," alisema, "mimi sijawahi kukuletea kazi."

"Hujawahi."

"Leo nimekuletea. Kanda ni moja tu humu, na mama amenipa mwenyewe. Nataka kuona alichotaka kunionyesha. Hicho tu. Nikishaona, basi."

Alisema "basi" kwa namna ambayo Nyoosha hakuuliza swali. Mkewe akaenda zake sokoni, naye akafunga mlango nusu ili wateja wajue kwamba leo hayupo ingawa yupo.

Akaanza kama kawaida. Kompyuta aliifuta, akabadilisha kapasita zilizovimba, ikawaka vizuri. Redio ya kaseti akaifungua, akaisugua kwa pamba na spiriti mpaka pamba ikatoka nyeusi kama masizi. Kisha akakiangalia kile kichwa, kile kichuma kidogo kinachogusa kanda na kuisoma. Loo! Kilikuwa kimeinama upande. Skrubu yake ya pembeni ilikuwa imezungushwa na mtu asiye na adabu, hata mdomo wake umechubuka. "Nani kaichezea hii?" alijiuliza, kwa hasira kabisa. Akachukua bisibisi nyembamba, akaweka kanda yake ya kupimia, akakinyoosha kichwa mpaka kikasimama sawasawa. Akajipongeza. Akaweka kanda ya Kitinda.

Kwanza ilitoka sauti ya mtu, kwa mbali, kama anayesemea ndani ya blanketi. Ndipo ukaja ule mlio wa gemu, ule ambao kompyuta inausikiliza na kuugeuza kuwa maandishi na picha. Lakini mlio wenyewe ulikuwa butu. Kioo kikaonyesha mistari, mistari ikatetereka, ikakatika. Akarudia. Ikakatika palepale. Na alipoitoa kanda, kichwa kilikuwa na unga wa kahawia, maana kanda ile ilikuwa imezeeka na kila inapopita inaacha ngozi yake.

Hapo ndipo alipokumbuka. Aliiona mbele ya macho yake ncha ya kisu cha jikoni mkononi mwa Kitinda, siku waliyoazima kanda ya watu ikagoma kusoma. Kitinda alizungusha ile skrubu mpaka ikasoma, na hakuirudisha tena. Tangu siku ile, kila alichorekodi alikirekodi kwa kichwa kilichopinda. Kitu kilichorekodiwa na kichwa kilichopinda kinataka kusomwa na kichwa kilichopinda vilevile, kwa kiasi kilekile. Duniani palikuwa na redio moja tu inayoweza kuisoma kanda hii, na yeye, fundi mzima, ameinyoosha.

"Nimemuua mara ya pili," alisema peke yake chumbani, na machozi yakamlenga.

Alijaribu kukipinda tena kichwa kwa kukisia. Kwa kawaida fundi husikiliza: unazungusha skrubu huku kanda inacheza, na pale sauti nyembamba zinapokuwa kali, ndipo penyewe. Lakini masikio ya Nyoosha yalishakula chumvi nyingi. Sauti nene alizisikia. Nyembamba zilishamuaga siku nyingi, na mkewe alimsema kila siku kwamba birika linapiga filimbi mpaka linakauka naye amekaa pembeni yake anasoma gazeti. Akazungusha huku, akazungusha kule, yote kwake yalikuwa sawa. Unga wa kahawia ukaongezeka. Akazima.

Alikaa akiitazama ile kanda. Angeweza kusema imekufa kwa uzee, na nani angembishia? Mkewe angelia kidogo, angelirudisha sanduku chini ya kitanda cha mama yake, na maisha yangeendelea. Alilifikiria hilo kwa muda mrefu kuliko ningependa kuwaambia. Mkewe alipopita na kikapu kumjulia hali, alimkuta hajagusa hata chai.

"Imegoma?"

"Haijagoma. Mimi ndiye nimeiharibu." Akamweleza yote, kisu cha jikoni, skrubu, na jinsi alivyoinyoosha bila hata kuijaribu kwanza.

Mkewe aliweka kikapu chini. "Hukuijaribu kwanza?"

"Sikuijaribu."

"Mdogo wangu ameniachia kitu kimoja duniani, wewe ukakinyoosha."

Mkewe akavua viatu, akavuta kigoda karibu na meza. "Hiyo sauti ya mwanzo, kabla ya hayo makelele. Ni ya nani?"

"Yake. Ila haisikiki vizuri."

"Niwekee hiyo tu. Mbele usiende."

Akaiweka. Ile sauti ya ndani ya blanketi ikasema maneno yake machache, Nyoosha akasimamisha na kurudisha nyuma. Mkewe alifumba macho, kiganja sikioni, kama alivyokaa miaka yote ile kazini.

"Si yeye huyo," alisema. "Zungusha."

Akazungusha kiasi cha unywele.

"Bado. Huyo kama mjomba. Zungusha."

Akazungusha.

"Ndiyo huko huko. Unakumbuka alivyokuwa na mwanya? Akitamka 's' inapiga mluzi. Ninautafuta ule mluzi. Taratibu, baba, hufungui chupa... Umepita! Rudi, rudi."

Jasho lilikuwa linamtiririka Nyoosha. Yeye hakusikia mluzi wowote. Alichofanya ni kutazama uso wa mkewe na kuzungusha kufuatana nao. Kanda ikaenda, ikarudi, ikaenda. Na ghafla uso ule ukakunjuka wote.

"Huyo," alisema mkewe. "Jamani. Ndiye huyo. Usiguse, usipumue."

Kitinda alikuwa anasema, kwa sauti ya kijana anayejizuia kucheka: "Gemu ya Dada. Wengine msiguse."

Safari hii Nyoosha aliiacha kanda iendelee. Mlio ukapanda, mistari ikapita kiooni bila kutetereka, wote wawili wakaitazama. Mistari ikaisha. Kioo kikawa cheusi, Nyoosha akashika meza, kisha kikatokea kiwanja: vigongo viwili, mpira wa mraba, na juu yake alama. Upande mmoja DADA, upande wa pili WENGINE.

"Ni ule ule mpira wenu wa wizi!" alisema mkewe, akicheka na kulia kwa pamoja. "Haya, kaa. Wewe ndiye Wengine."

Wakacheza. Mkewe alikuwa mzito, mpira ukampita, lakini bao likahesabiwa kwa DADA. Nyoosha akakunja uso. Mpira ukampita tena, DADA akaongezewa tena. Nyoosha alipofungwa, DADA akapata vilevile.

"Hesabu imepinda," alisema Nyoosha. Na papo hapo akasimamisha gemu, akaita kiooni ile mistari ya maandishi inayoiendesha, akaipitia kwa kidole. "Hii hapa. Amekosea mstari mmoja. Bao lolote, la yeyote, linakwenda kwako. Subiri, ni kitu kidogo, nakiweka sawa sasa hivi." Kidole chake kilikuwa kishafika juu ya kibodi.

"Amesemaje mwanzoni?" aliuliza mkewe taratibu.

Kidole kikasimama. Nyoosha akaisoma tena mistari ile, na safari hii aliisoma polepole. Kitinda hakuwa mtu wa kukosea hesabu. Alijua kuhesabu mabao; mchezo wa kwanza aliutunga yeye.

"Amesema wengine tusiguse," alijibu, akauondoa mkono.

Mkewe alikuwa amejishika mdomo. "Kumbe alinisikia siku ile," alisema. "Mimi nikamwambia kesho. Mtoto wa watu ananiletea ushindi wangu mkononi, mimi na pasi yangu, kesho, kesho." Alilia sasa kweli, na Nyoosha akamwacha alie, akikaa karibu naye bega kwa bega, maana yule aliyekuwa analiliwa alikuwa rafiki yake pia.

Alipotulia, mkewe alitoa kichupa cha rangi ya kucha kwenye mkoba wake. Nyoosha akakipokea, akadondosha tone moja juu ya ile skrubu iliyochubuka ili isisogee tena, huku kichwa kikiwa kimeinama upande vile vile. Aliliangalia tone lile likikauka, na vidole vyake vilimwasha, lakini alivikalia.

"Haya, Wengine," alisema mkewe akijifuta pua. "Washa tena."

Wakacheza mpaka fundi viatu akaja kuchungulia kulikoni. Mpira ulipita kila mahali, na kila ulikopita DADA aliongezewa. Mwishowe mkewe alikiweka chini kifimbo, akaitazama ile alama yake ndefu, kisha akamtazama mumewe kwa macho mekundu yanayocheka.

"Leo," alisema, "tumekunyoosha."