Viatu Vilivyobaki Mlangoni

Siku niliyoanza kazi ya tiba ya viungo katika hospitali moja ya mjini, nilipewa koti jeupe lililonipwaya na mgonjwa mmoja. Alikuwa Bi Mwanaidi, mama wa makamo kutoka Mtoni. Nilimlaza kitandani nikamkunja na kumkunjua magoti. Yalikuwa yamesagika, yaani gegedu linalozuia mifupa isigusane lilikuwa limelika. Nikaona nimemaliza.

Mkuu wa kitengo, mtu asiyependa maneno mengi, akaniuliza, "Umeviona viatu vyake?"

"Kaviacha mlangoni, bwana mkuu."

"Basi nusu ya mgonjwa umeiacha mlangoni."

Kwetu hakuna aingiaye ndani na viatu, hata chumba cha tiba. Nikatoka kuvitazama: sendozi mpya za kutokea. Mkuu akacheka, akasema hizo ni za kuonwa na watu. Akamwomba Bi Mwanaidi arudi kesho na viatu vyote anavyovaa.

Alirudi na kikapu. Ndani mlikuwa na raba kubwa za kiume, soli zimelika upande mmoja. Ndizo alizovaa kila alfajiri akitembea na kikundi chake cha mazoezi mpaka Bububu. Binti zake walikwisha kumwambia aache kutembea, akae nyumbani, na hilo lilimtisha kuliko maumivu.

"Za mwanangu wa kiume, kaziacha alipokwenda Muscat," alisema. "Nkizivaa naona nnakwenda naye."

Mkuu akazishika kwa adabu. "Ziweke, Bi Mwanaidi, ila usizivae. Tafuta zinazokutosha, kisigino kifupi, soli isiyokunjika kama chapati."

Bi Mwanaidi akazirudisha kikapuni, akakubali. Baadaye maumivu yalipungua, hayakuisha. Viatu havirudishi gegedu, na mazoezi ya misuli ya paja yalimsaidia pia. Wapo niliowabadilishia viatu wasipate nafuu yoyote. Lakini yeye aliendelea kutembea.

Nilihamishiwa Kidichi, kisha Fumba, chini ya waganga wakuu wa kila tabia. Mmoja alinitania kuwa nafanya biashara ya viatu, kwa jinsi nilivyopekua mlangoni. Nilikuwa mwepesi wa kuwaambia wagonjwa waviache hivi, wanunue vingine. Waliosita niliwaona wakaidi, nikakereka nao.

Sasa nimestaafu, na magoti yangu yanauma. Mwezi uliopita nilikwenda kwa kijana niliyemfundisha mwenyewe, ambaye leo ndiye mkuu wa kitengo.

"Shikamoo, Bi. Umekuja na viatu vyote?"

"Marahaba. Vyote."

Akatoa kikapuni mwangu makubadhi ya ngozi ya marehemu mume wangu, ninayovaa kila asubuhi kwenda sokoni Darajani. Akayageuza, akatazama soli zilivyolika, akayaweka chini taratibu. Nilimfundisha vizuri.

Nikayaokota, nikayafuta vumbi kwa upindo wa kanga, nikayarudisha kikapuni.

"Nshajua," nikamwambia. "Nielekeze tu wapi nnunue viatu vinavyonitosha."