Mlango Mfupi wa Shangazi

Enzi zetu, kabla Wadachi hawajapandisha bendera yao Bagamoyo, mtu hakuingia banda la tembo la mnazi kichwa juu. Aliinama. Banda la kwetu Fukayosi lilikuwa la shangazi yangu Mwanaidi, kando ya njia ya wapagazi, na mlango wake ulimfika mwanamume kifuani.

Lakini nyumba ilikuwa nzuri, jamani! Boriti za mikoko zilizobebwa kutoka pwani, fito zilizofungwa kwa kamba za makumbi, na udongo mwekundu tulioukanyaga sisi watoto mpaka ukalainika. Makuti yalishuka chini sana, hata jua likiwaka, ndani kulikuwa na ubaridi wa mtungi. Kulinukia moshi, tembo na samaki wa kuchoma. Mwalimu wetu wa Kurani chuoni akipita alitazama upande wa pili, ingawa pua yake haikugeuka.

Kazi ilikuwa kutoka. Aliyetoka kujisaidia akagonga kipaji cha uso kwenye kizingiti cha juu, basi, siku hiyo hapati tena.

"Kizingiti kimeshasema, mwanangu," shangazi alimwambia, akamtilia uji.

Baba yangu, mdogo wake, alikuwa mgema. Husemwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Baba akisifiwa alilinywa. Hata hivyo mama hakuwa na wasiwasi. Kila jioni baba alipaswa kupanda minazi tena, na kizingiti kilimrudisha kwetu na nundu yake na akili zake.

Mwaka mmoja mchwa wakala miimo ya mlango. Shangazi alikuwa amekwenda arusini Saadani, na wanaume wakajitolea kutengeneza, baba akiwa mbele. Wakauinua mlango hata mrefu wao apite na kofia yake. Walijiona mafundi kwelikweli. Wiki haikuisha, baba akapanda mnazi amelewa, akaanguka. Tulimkuta chini, mkono umevunjika, hasemi. Nilidhani amekufa, nikalia kama sijawahi kulia.

Shangazi aliporudi, mama alimfuata bandani.

"Wifi yangu, nakuomba. Mrudishie mdogo wako kizingiti chake."

Shangazi hakugomba. Aliifudikiza mitungi yote, akasimama mlangoni mbele ya wanaume.

"Pimeni hapa, begani kwangu. Tembo mtalipata mkimaliza."

Kiu haina mjadala. Alasiri kizingiti kilikuwa mahali pake, na wa kwanza kukigonga alikuwa baba, mkono umefungwa, hajaonja hata tone. Mama alicheka mpaka akatokwa machozi.

Banda lilianguka zamani. Vijana wa leo wana vilabu vya bati na milango mirefu, nao hunicheka kwa kuwa kila mlango naupita nimeinama. Wacheke tu. Wao huingia vichwa juu, wakatoka wamebebwa. Baba yangu aliinama pale miaka yote, akapanda minazi mpaka mvi zikamjaa, na alipokufa, alikufa kitandani kwake.