Mama Mvumo na Spika Mbili Zisizofanana

Saa nne asubuhi, ukumbi bado mtupu. Mama Mvumo amepiga magoti nyuma ya boksi la spika za gitaa, anakaza skrubu ya mwisho. Ndani mna spika mbili zisizofanana: moja kuukuu, yenye sauti nzito iliyotulia, nyingine mpya, kali.

"Kwa umeme zinapatana, kwa tabia hapana. Hicho ndicho ninachokitaka," anasema. "Mpya inafika viti vya nyuma, kuukuu inaipunguzia ukali."

Amekuwa fundi wa spika kwa miaka kumi na tisa. Miaka mitatu iliyopita homa kali iliua sikio lake la kushoto, na bendi zikamkimbia moja baada ya nyingine.

"Walinionea huruma," anasema. "Kuhurumiwa nako kunachosha!"

Aliyebaki ni mdogo wa mumewe, mpiga gitaa. Keshokutwa anapiga hapa, na gitaa lake huwatoboa masikio watu wa mbele huku wa nyuma wakiambulia patupu.

Shemeji huyo anafika na kiongozi wa bendi yake, lakini jaribio la kwanza linakwenda kombo. Gitaa linatoa sauti nyembamba, kama redio ya betri zilizochoka. Kiongozi anatikisa kichwa.

"Si nilisema? Spika huwekwa za aina moja. Na fundi mwenyewe sikio moja!"

"Sikio moja, mikono miwili," anajibu Mama Mvumo, kiganja juu ya boksi. "Shemeji, piga tena... Basi. Zinapingana hizi. Moja ikisukuma, mwenzake anavuta."

Anafungua boksi, anagusisha betri ndogo kwenye nyaya. Koni, ile karatasi ya mbele, ya spika mpya inachomoza. Ya kuukuu inazama. Alama za chanya na hasi za ile kuukuu zilishafutika, naye alizifunga nyaya zake kinyume.

"Kosa langu," anasema bila kusita, anazigeuza na kutia solda.

Shemeji anapiga. Sauti inajaa ukumbi, nene na safi. Kiongozi anatembea hadi mstari wa mwisho, anasimama kitambo, anarudi.

"Mama, na boksi la besi utaliangalia?"

"Lilete leo, kabla sijaanza kuringa."

Mwaka huu anataka kuunda boksi lake mwenyewe, kuanzia ubao hadi kitambaa cha mbele.

"Mbao nimeshanunua. Mume wangu analalamika zimejaa sebuleni," anasema akicheka. "Nimemwambia azikalie, viti vitarudi nikimaliza."