Upo, Baba?

Kazi yangu ni kuzungumza na mashine zilizo mbali. Kampuni inayonilipa iko nje ya nchi, mimi niko mtaa wa Makorora, chumba cha uani kwa wazazi wangu, na kompyuta mbili ambazo hewa ya chumvi inazitafuna taratibu. Napenda vitu ambavyo watu wenye akili timamu hawana haja navyo: kibodi za zamani, redio zilizokufa, nyaya za kuchomelea. Mama huniita fundi wa takataka. Baba alikuwa akicheka sana akisikia hivyo, kabla kiharusi hakijampiga.

Kilimpiga upande wa kulia, kikaondoka na maneno. Sauti ilibaki. Anaguna, anavuta pumzi, anafungua mdomo, kisha hakitoki kitu, na macho yanajaa hasira halafu yanapoa. Daktari alisema tumpe muda. Muda! Kazini kwetu nikisikia neno hilo najua hakuna anayejua tatizo liko wapi.

Nikafanya ninachokijua. Nikafunga vitufe vikubwa kwenye kibao, kila kimoja na picha yake juu na sauti yangu ndani: maji, chai, choo, naumwa. Kilikuwa kibao kizuri, najisifu mwenyewe. Nikamwekea mapajani, karibu na mkono wa kushoto uliobaki mzima. "Baba, bonyeza hapa ukitaka maji." Akakitazama, akanitazama mimi, akauondoa mkono. Nikabadilisha picha. Nikapunguza vitufe. Nikaweka taa. Kila siku nilirudi chumbani kwangu kuandika upya programu yake, nikijiambia kosa ni la programu, kwa sababu kosa la programu hurekebishika. Nilichokiogopa kilikuwa kingine: kwamba labda hakuna mtu tena anayevitazama vile vitufe. Kaka yangu, anayefanya kazi mpakani Horohoro, alipopiga simu aliuliza, "Mzee anatujua?" Nikasema sijui. Nilisema hivyo nimekaa kitandani kwa Baba, miguu yake imegusana na mgongo wangu.

Mama naye alikuwa ametupiga marufuku kumwamkia. "Mtu mzima aamkiwe asiweze kuitikia? Mwamwadhiri baba yenu," alisema. "Ingieni kimya." Basi tukawa tunaingia kimya, kama wezi, na kuanza moja kwa moja na uji au dawa.

Aliyevunja marufuku ni mama mmoja wa Kipemba, mgeni mtaani, anayepitisha mikate ya kumimina. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Asubuhi moja alikuta mlango wazi na Baba kakaa kwenye kiti sebuleni, akapaza sauti kama adabu inavyotaka:

"Shikamoo, mzee!"

"Marahaba," akasema Baba.

Neno zima, lisilo na ufa. Nilitoka uani mbio, pekupeku. "Shikamoo, Baba!" Marahaba. "Baba, unataka maji?" Kimya. "Mimi nani, Baba?" Mdomo ukafunguka, ukabaki wazi. "Shikamoo, Baba." Marahaba. Mama alikuwa anapiga vigelegele, majirani wakaja kujua kuna nini, na yule muuza mikate akasimama na beseni lake kichwani akidhani nyumba nzima tumerukwa na akili.

Furaha yangu haikufika adhuhuri. Katika kazi yetu kuna kitu tunakiita pingi. Unaipelekea mashine ya mbali ujumbe mdogo: upo? Nayo inajibu: nipo. Shida ni kwamba jibu hilo hutolewa mlangoni tu. Programu zote za ndani zinaweza kuwa zimekufa, na bado mashine ikajibu nipo, nipo, nipo. Nikaketi kusoma, nikakuta mambo ni hayohayo kwa binadamu: maneno ya mazoea, salamu, dua, hata matusi, mara nyingi hubaki baada ya kiharusi, na hutoka yenyewe bila mwenyewe kuyatafuta. Nikafunga kompyuta, nikalia. Nilitamani kuwa mjinga.

Nikashindwa kulibeba peke yangu, nikamweleza Mama. Alikuwa anapepeta mchele. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja.

"Kwa hiyo yeyote atakayemwamkia, ataitikia tu?"

"Ndiyo, Mama."

Akaweka ungo chini, akajifunga kanga yake vizuri, akaelekea kwa Baba. Nikamfuata. Hawa wawili ni binamu, mtoto wa shangazi na mtoto wa mjomba, wamekua wakitaniana, na Mama hajawahi kumpa mumewe shikamoo hata siku ya Idi. Baba alikuwa akiidai kila asubuhi. "Shikamoo yangu iko wapi, we mwanamke?" Naye humjibu, "Ngojea uote mvi." Mvi zilipoota, akabadilisha: "Ngojea uote pembe." Wakicheka hivyo, chai ikipoa mezani.

Mama akapiga magoti mbele ya kiti cha Baba, jambo ambalo sikuwahi kuliona tangu nizaliwe. Akainamisha kichwa.

"Shikamoo," akasema.

Nikasubiri. Midomo ya Baba ikajikunja, nikaona kabisa neno limeshakaa tayari pale mbele. Kisha akalizuia. Sijui alitumia nguvu gani. Akamtazama Mama pale sakafuni, uso ukamharibika, na mkono wa kushoto ukapanda, ukamshika bega, ukaanza kumvuta, juu, juu, ainuke. Haukuacha kuvuta. Machozi yalikuwa yanamtiririka hadi shingoni.

Mama akanigeukia, bado kapiga magoti.

"Yumo," akasema. "Yumo mzima humu ndani, siku zote hizi, na hana pa kutokea."