Chai ya Mchaichai kwa Wachumaji wa Karafuu

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa sufuria ambayo ningeweza kumwogeshea mtoto ndani yake. Ilikuwa miaka ya vita vya dunia, kwenye shamba la karafuu nje kidogo ya Chake Chake, nami nimeajiriwa kuwapikia chai wachumaji. Nokoa, yaani msimamizi wa shamba, alinionesha mafiga na kuni.

"Majani ya chai hakuna, meli haziji," alisema. "Pika mchaichai. Na wakikimbia hawa, nawe wende nao."

Hakutania. Karafuu huchumwa ingali imefumba; ikishachanua haina thamani tena. Wachumaji walikuwa watu wa kuja, wengi wao kutoka Msuka, kaskazini ya kisiwa, na shamba la jirani lilikuwa bado na majani ya chai. Asiyeridhika kwetu alibeba pakacha lake akahamia huko.

Mchaichai niliukata asubuhi, nikaukunja fundo na kuponda kidogo ile sehemu nyeupe ya chini, maana huko ndiko iliko harufu. Maji yakichemka nautia, naepua, nafunika. Ukiuchemsha sana unakuwa dawa. Lakini Bi Mkubwa, mjane wa Kiarabu mwenye shamba, alikuwa na amri yake: kila sufuria itiwe konzi ya karafuu.

"Chai bila ya karafuu, shambani kwangu? Watu watanicheka."

Haukupita muda vikombe vikaanza kurudi vimejaa. Mzee Faki, mkubwa wa wachumaji, akanijia jikoni, pakacha lake limeshafungwa.

"Mwanangu, chai yako haina ubaya," alisema. "Lakini karafuu sie twalala nayo. I mikononi, i nguoni, hata wali wanuka karafuu. Na kikombe nacho kisitupumzishe? Kesho twenda kwa jirani."

Nikateleka sufuria nyingine, mchaichai mtupu, nikamtilia. Alinusa kwanza, akafumba macho, akanywa. Kisha akaketi na kufungua pakacha.

"Bi Mkubwa akijua je?" Nokoa aliniuliza.

"Atanifukuza. Na hawa wakiondoka atanifukuza vilevile. Bora nifukuzwe watu wameshakunywa."

Nokoa alicheka, akanyoosha kikombe chake.

Siku moja Bi Mkubwa alikuja kukaa nasi jamvini kuchambua, yaani kuzitenga karafuu na vikonyo vyake. Alichambua mpaka alasiri. Nikamletea chai yake, ina karafuu kama alivyoamuru. Akaisogeza mdomoni, akairudisha chini. Akanusa vidole vyake.

"Hawa wanywa nini?"

Nikaifunua sufuria yao.

"Mchaichai mtupu, Bi Mkubwa."

"N'tilie na miye."

Akanywa, akaomba tena. Furaha niliyoipata siku ile sijaisahau. Mavuno yale hakuondoka mchumaji hata mmoja.

Baadaye nilipika mkahawani Mkoani, ambako wapagazi walitaka tangawizi ya kuwasha koo, kisha hospitalini, chini ya mkuu wa wauguzi aliyeonja kila birika kabla ya wagonjwa. Sasa nimestaafu, nipo Tibirinzi. Wasichana wakija kuniuliza siri ya chai, nawaambia kwanza wamnuse mnywaji mikono. Hucheka, wakadhani nawatania.

Shina la mchaichai lililo nyuma ya jiko langu nilipewa na Bi Mkubwa siku niliyomuaga. Alilichimba mwenyewe, akalifunga kwa jani la mgomba.

"Kalipande mbali na mikarafuu, mwanangu," aliniambia.