Walionipima Akili Uani Kwangu

Mwanangu alikuja Didia Jumamosi moja asubuhi kunipima akili. Sisemi kunisalimia. Shikamoo aliitupa kupitia dirisha la gari, akaegesha upande wa minyaa bila kuuliza, akashuka na mkewe, binti yao mdogo, na kijana mmoja wa tai aliyebeba kibegi cheusi. Kuku wangu walikimbia. Ningekuwa na busara ningekimbia nao.

Mwanangu ananunua dhahabu kwa wachimbaji wadogo huko Geita. Nyumba kajenga Kahama, na kitambi kajenga pia. Pesa zilimwingia kichwani zikafukuza vilivyokuwamo.

Kilichowaleta nilikijua. Likizo iliyotangulia waliniachia huyo binti, mjukuu wangu wa miaka mitano. Ana jina la mama yangu mzazi, na kwetu Usukumani jina la marehemu hatumvishi mtoto hivi hivi tu kama gauni la sikukuu. Mwenye jina amerudi. Basi mtoto yule ni mama yangu. Asubuhi nampa shikamoo, naye anaitikia marahaba kwa maringo. Kigoda kizuri ni chake. Kabla sijapanda viazi namuuliza nianzie wapi, ananyoosha kidole, na mimi naanzia hapo hapo. Siku moja nilimwomba radhi kwa chungu chake nilichovunja nikiwa msichana. Alifikiri kidogo, akasema amenisamehe ila nisirudie. Tulicheka mpaka tukashika mbavu.

Mkwe wangu alikuwa amekuja kumchukua siku hiyo, akanikuta nimepiga magoti mbele ya mtoto. Akanirekodi kwa simu. Jioni ukoo mzima ulishaona, na chini yake ameandika kwamba mama amechanganyikiwa, anadhani mtoto ni mama yake.

Yeye simlaumu sana, kazaliwa mjini na kukulia mjini. Ninayemdharau ni mume wake. Huyo nilimzaa ndani ya nyumba hii hii, akapewa jina la babu yake, na bibi yake akawa anamwita “mume wangu” na kumtengea nyama ya kwanza. Aliila. Hakumpeleka bibi yake kupimwa akili. Mwacha asili ni mtumwa, lakini huyu wangu ni mtumwa mwenye gari.

Mpango wao ulikuwa nihamie Kahama, kwenye chumba cha nyuma, nikae kwenye kochi niangalie runinga. Shamba wapewe wafyatua matofali.

“Umelima vya kutosha, mama,” aliniambia. “Sasa pumzisha kichwa.”

Waliopumzisha vichwa nimewaona. Jirani yangu mmoja alikuwa akishinda mnadani anabishania ng'ombe ambao hata hakuwa na nia ya kuwanunua, na hakuna aliyemshinda kwa maneno. Watoto wake wakamwonea huruma. Mnada wakamkataza, maji wakamchotea, hata kiberiti wakamwashia. Leo anauliza kama ameshakula huku bado anatafuna. Kichwa ni jembe, ukiliegemeza ukutani linaliwa na kutu. Mimi langu bado nalichimbia. Nagombana na wauza dagaa, naimbisha sauti ya pili kwenye kwaya ya kigango, na mwaka huu nimejifunza kutuma ujumbe kwa simu, ndiyo maana niliyasoma yote waliyoandika juu yangu.

Basi nikakalishwa. Kijana wa tai akanipa kijiti cha chuma nikishike, kina waya ulioingia kwenye kompyuta. Ikalia. Akatikisa kichwa kwa ile huzuni ya kulipwa.

“Ubongo wako umechoka, mama. Na mfuko wa uzazi una joto.”

Mfuko wa uzazi nilishatolewa zamani, hospitali ya misheni. Kila ugonjwa alioutaja ulikuwa na kopo lake la dawa ndani ya kibegi.

Mwanangu akachuchumaa mbele yangu, akalainisha sauti kama anaongea na mtoto mchanga. “Mama, mimi ni nani?”

“Wewe ni mjinga wangu wa pili kuzaliwa.”

“Na huyu?” Akamwonyesha binti yake.

Jibu walilolitaka nililijua. Ningesema mjukuu wangu, nyumba yangu ingebaki yangu na kila mtu angerudi kwao. Lakini mtoto alikuwa ameshakaa kwenye kigoda chake, ananitazama, anasubiri.

“Huyu ni mama yangu,” nikasema. “Shikamoo, mama.”

“Marahaba,” akajibu.

Mkwe akashika mdomo. Mwanangu akashusha pumzi kama mtu aliyemaliza kazi. “Mama yako alishakufa, mama.”

“Alikufa, najua. Alizikwa wapi?”

Alitazama shambani. Akatazama nyuma ya zizi, kisha kwa jirani. Mwanamke aliyemalizia uzee wake hapa kwangu, aliyembeba yeye mgongoni siku zote alizougua surua, na hakujua tulimlaza wapi. Nilimwacha ahangaike. Sikumwonea huruma hata chembe.

Mtoto ndiye aliyeteremka kwenye kigoda, akamshika baba yake kidole. “Baba, umeegesha juu yake.”

Akampeleka hadi kwenye minyaa, akamwonyesha mawe ambayo mimi na yeye huyapalilia kila likizo. Moja lilikuwa limelala chini ya tairi.

Mwanangu akaingia garini, akarudi nyuma polepole, akashuka tena, akapiga magoti na suruali yake ya pasi kulisimamisha lile jiwe. Likaanguka. Akalisimamisha tena. Nilitaka kumcheka, nikashindwa. Hajatimiza hata miaka arobaini.

Kijana wa tai akanisogelea, akaniuliza kwa sauti ya chini kama nitachukua walau kopo moja la kumbukumbu.

“Muulize yule pale kwenye mawe,” nikamwambia. “Mgonjwa wako ni yeye.”